Mke aliyetengana na baba amekuja kuupinga wosia: mwongozo kamili kwa watoto na wasimamizi wa mirathi

Baba yetu alifariki akiwa ametengana na mke wake wa pili kwa miaka tisa. Mama mdogo alikuwa amerudi kwao Kilosa, baba amebaki Dar es Salaam, na sisi watoto wa mama wa kwanza tulishazoea kuishi kama hayupo. Baba aliacha wosia. Nyumba na kiwanja alivigawa kwa watoto wote, akiwemo binti aliyezaa na mama mdogo. Mama mdogo mwenyewe hakumtaja popote.

Siku tuliyokwenda kufungua shauri la mirathi, karani wa mahakama aliuliza: "Marehemu ameacha mke?" Tukatazamana. Baba mkubwa, ambaye ndiye aliyetajwa kwenye wosia kuwa msimamizi, akajibu: "Hapana."

Neno hilo moja lilitugharimu mwaka na nusu. Mama mdogo alipata habari kupitia binti yake, akaja na cheti cha ndoa, akaonyesha kwamba alifichwa, na usimamizi wa baba mkubwa ukatenguliwa. Tukaanza upya, safari hii tukiwa na deni la wakili na undugu uliochanika.

Mwongozo huu ni kwa familia iliyo pale tulipokuwa sisi. Unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na taratibu zake ni nyingine. Nitasema "mke" kwa sababu ndiyo hali niliyoipitia, lakini mume aliyetengana na mama yenu naye anaingia humuhumu.

Hatua ya 1: Kubalini kwanza kwamba kutengana si talaka

Hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa haifi kwa sababu mmoja alifunga mabegi. Haifi kwa miaka tisa wala ishirini ya kutosalimiana. Haifi kwa sababu ukoo ulikaa ukaamua kwamba "huyu si mwenzetu tena", wala kwa sababu mahari ilirudishwa kimyakimya. Kutengana kwa miaka 3 kunaweza kuwa ushahidi mahakamani kwamba ndoa imevunjika, lakini ni lazima mmoja wao awe amekwenda mahakamani kuomba talaka akiwa hai. Marehemu akishazikwa, hakuna mtoto wala shangazi anayeweza kumwombea talaka.

Kwa hiyo kabla ya kubishana juu ya wosia, tafuteni jibu la swali hili: siku baba alipofariki, ndoa ilikuwa hai au haikuwa hai? Tafuteni cheti cha ndoa. Tafuteni hukumu ya talaka kama ipo. Ulizeni kama palikuwa na shauri la talaka lililofunguliwa halafu likaachwa njiani. Shauri lisilofika kwenye hukumu haliondoi ndoa. Kama mahakama ilitoa amri ya kutengana, ipelekeni kwa wakili aisome, maana amri hiyo si talaka lakini inaweza kuwa na masharti ya matunzo na mali yanayowahusu.

Kwa familia ya Kiislamu swali linakwenda mbali zaidi. Talaka ilitolewa? Ya ngapi? Ilitolewa lini, na nani alishuhudia? Mke aliyepewa talaka rejea, yaani ya kwanza au ya pili, na mume akafa eda (muda wa kungoja baada ya talaka) haijaisha, anarithi kama mke. Eda ikiwa imekwisha bila kurejewa, harithi. Kwa hiyo tarehe ina uzito mkubwa kuliko maneno. Karatasi ya talaka iliyoandikwa kwenye daftari bila tarehe imeleta ugomvi katika familia nyingi, na nawasihi msiitegemee peke yake: mtafuteni sheikh aliyeiandika, na mashahidi wake.

Kuna jambo lingine ambalo watoto hawapendi kulisema. Baba akishatengana na mke, mara nyingi huishi na mwanamke mwingine. Huyo naye, kama waliishi pamoja miaka 2 au zaidi na majirani wakawajua kama mume na mke, anaweza kuja na dai la dhana ya ndoa. Dai lake linaweza kugonga mwamba kama ndoa ya kwanza ilikuwa ya mke mmoja na bado ilikuwa hai. Hata hivyo mwandikeni kwenye kumbukumbu zenu. Msingoje awashtukize.

Hatua ya 2: Lindeni mali na karatasi, wala msiguse pesa

Wiki za msiba ndizo wiki ambazo vitu hupotea. Kusanyeni hati za nyumba na viwanja, mikataba ya mauziano iliyosainiwa serikali ya mtaa, kadi za magari, kadi za benki, simu ya marehemu na laini zake, risiti za ujenzi. Wekeni mahali pamoja, na orodha yake isainiwe na watu wawili wa pande tofauti. Fuatilieni cheti cha kifo RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) mapema; bila hicho hakuna shauri litakalofunguliwa.

Msitoe pesa benki kwa kadi ya marehemu hata kama mnaijua namba ya siri. Msihamishe salio la simu. Msiuze gari "ili tulipe deni la msiba". Mali ya marehemu haina mwenye mamlaka nayo mpaka mahakama iteue msimamizi, na kila mlichokitoa kabla ya hapo mnaweza kudaiwa mkirudishe. Kibaya zaidi, mtakuwa mmempa mpinzani wenu silaha bora kuliko zote: atasema watoto wameanza kutapanya mali, na hakimu atamsikiliza.

Kama mama huyo bado anaishi kwenye nyumba, au amerudi msibani na kukataa kuondoka, msibadilishe kufuli. Msikate umeme. Msimtoe vitu vyake nje. Najua hasira inavyochemka mtu aliyemwacha baba akiuguzwa na wengine anapokuja kukaa kwenye kiti chake. Lakini kumfukuza mjane kabla mahakama haijasema ni kosa ambalo halitasahaulika kwenye faili lenu.

Wosia wenyewe ukipatikana nyumbani, usikunjuliwe kila mtu akaushika. Pigeni picha kila ukurasa, uwekeni kwenye bahasha, na mwandike nani aliukuta, wapi, siku gani, mbele ya nani. Ulizeni pia RITA, kwa sababu hutunza wosia wa watu waliouhifadhi kwao, na ulizeni kwa wakili wa marehemu na kwenye kanisa au msikiti wake. Ikionekana kuna wosia wa baadaye kuliko mlio nao, wa baadaye ndio unaotazamwa.

Hatua ya 3: Jueni ni sheria ipi inayotawala mirathi hii

Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Kuna njia tatu, na dai la mke aliyetengana lina nguvu tofauti katika kila moja. Mahakama huangalia namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha: aliishi kwa mila za kabila lake, aliishi kama Mwislamu, au aliishi maisha yaliyoachana na mila, kama walivyo Wakristo wengi wa mijini. Dini ya jina haitoshi peke yake.

Njia ya Kiislamu kwanza, kwa sababu hapo hesabu iko wazi. Wosia hauvuki thuluthi moja ya mali inayobaki baada ya maziko na madeni, na mrithi hapewi kwa wosia ila warithi wenzake wakiridhia. Mke ana fungu lake: thumuni, yaani sehemu moja ya nane, akiwepo mtoto wa marehemu, robo asipokuwepo. Tuseme baada ya maziko na madeni imebaki mali ya shilingi milioni 96, na marehemu aliusia thuluthi nzima, milioni 32, kwa msikiti na kwa yatima aliyemlea. Zinabaki milioni 64. Mke, hata kama alikuwa ametengana naye bila talaka, anachukua thumuni, milioni 8. Zinazobaki milioni 56 zinagawanywa kwa watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kama ni wavulana wawili na wasichana watatu, kila mvulana milioni 16 na kila msichana milioni 8. Wakiwa wake wawili, ile milioni 8 ni yao wote wawili, milioni 4 kila mmoja. Sasa chukueni wosia unaosema "nyumba yote ni ya mwanangu mkubwa". Mke akiupinga huo, na hajaachwa, atashinda. Msipoteze fedha kumpinga. Kaeni mpige hesabu.

Njia ya mila inaongozwa na Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, kwa makabila yanayohusika nalo. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi unataka wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui, na uandikwe kwa kalamu isiyofutika. Juu ya mashahidi hao, mke au wake waliopo nyumbani nao wanatakiwa kuushuhudia. Neno "waliopo nyumbani" lina maana kubwa kwenu: mke aliyekwisha kuondoka hawezi kulalamika kirahisi kwamba hakuitwa, lakini kama alikuwa bado anaishi hapo na mkamficha, wosia una ufa. Kumnyima mtu urithi kwa mila nako kuna sababu zake zilizotajwa, kama kujaribu kumuua marehemu au kumtelekeza katika ugonjwa na njaa, na sababu hiyo lazima isemwe wazi kwenye wosia. "Nimemkasirikia" si sababu.

Kanuni hizo za mila kwa sehemu kubwa humweka mjane pembeni: zinamwachia kutunzwa na watoto wake badala ya fungu lake mwenyewe. Mimi sioni haki hapo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba zao kwa kanuni hizo. Kwa hiyo hata kama mila inawapendelea, msijenge kesi yenu yote juu yake.

Njia ya tatu ni ya Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika hapa kwa wasiofuata mila wala Uislamu. Hapa marehemu ana uhuru mpana wa kuusia mali yake. Asipoacha wosia, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja. Akiacha wosia halali, wosia ndio unaosema. Ndiyo maana mama mdogo, ambaye baba hakumtaja, alielekeza nguvu zake kuuvunja wosia wenyewe: ukivunjika, anapata theluthi. Wosia chini ya sheria hii unataka mashahidi wawili. Na kuna kifungu kimoja kinachowakamata wengi: ndoa hufuta wosia uliotangulia. Kama baba aliandika wosia kwanza halafu akamwoa huyo mama, wosia huo umekufa siku ya harusi. Tazameni tarehe ya wosia na tarehe ya cheti cha ndoa, muziweke ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 4: Tenganisheni kilicho chake na kilicho cha marehemu

Kama ningeruhusiwa kuwaambia jambo moja tu, ningewaambia hili. Mtu hawezi kuusia kisicho chake. Wosia unaweza kuwa safi kabisa, mashahidi wote wakasimama, na bado mke akaondoka na sehemu ya nyumba kwa sababu sehemu hiyo haikuwa ya baba kamwe.

Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Shauri lile lilikuwa la talaka, lakini fikra yake imeenea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inasema mwenzi aliyechangia kwa nguvu zake katika kuendeleza ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwenzake anapata maslahi katika ardhi hiyo. Kwa hiyo "hati ni ya baba" si jibu la kutosha.

Fanyeni kama tulivyofanya sisi mara ya pili. Chukueni karatasi kubwa, mchore mstari wa miaka. Wekeni mwaka wa ndoa, mwaka wa kutengana, mwaka wa kifo. Kisha wekeni kila mali mahali pake: kiwanja kilinunuliwa lini, msingi ulichimbwa lini, nani alilipa mabati, nani alisimamia mafundi. Kwetu sisi, nyumba ya mbele ilijengwa mwaka 1996, kabla mama mdogo hajaja. Yeye aliolewa 2001. Vyumba viwili vya nyuma vya kupangisha vilijengwa mwaka 2004, na shangazi, ambaye hakuwahi kumpenda, ndiye aliyesema mbele ya wote: "Tofali za kule nyuma alizifyatua huyu mama. Mimi nilimkuta na mimba anamwagilia maji." Yeye na baba walitengana 2010. Kiwanja cha Kibaha kilinunuliwa 2016.

Mstari ule ulitupa amani kuliko hotuba yoyote. Nyumba ya mbele na kiwanja vilikuwa vya baba na wosia wake uliviamulia. Vyumba vya nyuma havikuwa vyake peke yake. Mama mdogo naye alipouona mstari aliacha kudai kiwanja.

Deni nalo ni sehemu ya hesabu. Kama baba alikopa kwa dhamana ya nyumba na mke hakusaini, waulizeni wanasheria mapema. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii yana taratibu zake za wategemezi, na mke asiyeachwa kisheria anaweza kutambuliwa huko hata kama wosia haumtaji. Msiyahesabu kama mali ya wosia kabla hamjauliza mfuko wenyewe.

Hatua ya 5: Mwiteni kwenye kikao, kwa maandishi

Mahakama nyingi huomba muhtasari wa kikao cha familia. Kikao hakimteui msimamizi. Mahakama ndiyo inayoteua. Lakini muhtasari unaoonyesha mke alialikwa, alikuja au alikataa, na alisema nini, una thamani kubwa baadaye. Msimwite kwa kumtuma mtoto. Andikeni barua, ipelekwe kwa mkono na mtu anayemheshimu, na mtume picha yake kwa simu. Hii hapa ni namna mojawapo:

"Mama, shikamoo. Sisi watoto wa marehemu tunakualika kwenye kikao cha familia kitakachofanyika Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa baba. Tutasoma wosia, tutaorodhesha mali na madeni, na tungependa kulisikia dai lako kutoka kinywani mwako. Unaweza kuja na ndugu wawili. Ukishindwa kufika, tutumie mwakilishi au maelezo yako kwa maandishi."

Awepo mtu wa kuandika kila neno, na awepo mzee mmoja asiye na fungu, mjomba au jirani wa siku nyingi. Msianze na makosa ya ndoa. Nani alimwacha nani, nani alikuwa na hawara, nani hakuja hospitali: hayo hayagawi mali, na yakishaanza hakuna atakayerudi kwenye orodha. Mkikubaliana jambo, liandikwe, kila mtu asaini kila ukurasa, na lipelekwe mahakamani liwe sehemu ya shauri. Makubaliano ya mdomo ya siku ya arobaini huvunjika kabla ya mwaka.

Hatua ya 6: Fungueni shauri mahali sahihi, na mtajeni

Mirathi ya mila na ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo mahali marehemu alipokuwa akiishi. Mirathi ya njia ya tatu haisikilizwi huko. Inaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Ukikosea mahakama, kila kilichofanyika kinaweza kufutwa hata baada ya miaka, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipia. Kwa walio Dar es Salaam kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Temeke, ambako mirathi na ndoa zinashughulikiwa chini ya paa moja.

Kwenye orodha ya warithi na ndugu, mwandikeni mke aliyetengana kwa jina lake kamili na anuani yake. Mkiamini aliachwa, andikeni hivyo na muambatishe ushahidi. Msimfiche. Kuficha jambo kubwa kutoka mahakamani ni sababu ya kutengua usimamizi, na hicho ndicho kilichotupata sisi. Watoto wake waliozaliwa na marehemu nao waandikwe, hata kama mama yao ndiye mnayepambana naye.

Hatua ya 7: Pingamizi likishaingia

Katika Mahakama ya Mwanzo mke ataleta pingamizi lake, hakimu atawasikiliza nyote na mashahidi wenu, kisha ataamua. Chini ya Sura ya 352 anaweza kuweka kaveati, yaani zuio la kutotolewa kwa usimamizi bila yeye kujulishwa. Kaveati hudumu miezi 4. Mwombaji huiomba mahakama imwite aliyeiweka, naye ana siku 30 za kujitokeza. Asipojitokeza, maombi yanaendelea. Akijitokeza, jambo linageuka kuwa kesi kamili: aliyeomba usimamizi anakuwa mdai, aliyepinga anakuwa mdaiwa. Familia nyingi hukaa zikingoja kaveati iishe yenyewe. Nawashauri muombe aitwe mapema ili jambo lijulikane.

Anayeuleta wosia ndiye mwenye kazi ya kuuthibitisha. Kwa hiyo jiandaeni kwa madai haya.

Akisema sahihi si ya marehemu, leteni nyaraka nyingine alizosaini miaka hiyohiyo: mikataba, fomu za benki, daftari la kikoba. Mahakama inaweza kuhitaji mtaalamu wa maandishi.

Akisema marehemu hakuwa na akili timamu, tafuteni kumbukumbu za hospitali za wiki ile ile wosia ulipoandikwa. Ugonjwa wa mwili hauondoi akili. Kiharusi, dawa kali za maumivu au usahaulifu wa uzee vinaweza kuleta shaka. Shahidi anayekumbuka kwamba baba alitaja watoto wake wote kwa majina na mipaka ya shamba lake ana faida kubwa.

Akisema watoto ndio waliouandika, hapo kuna hatari ya kweli. Kama wewe unayenufaika ndiye uliyeuchapa, ukamleta wakili na ukakaa chumbani wakati baba anasaini, semeni ukweli huo mapema, na mlete aliyekuwepo asiye na fungu. Shahidi wa wosia anayepewa kitu kwenye wosia huohuo analeta matatizo yasiyo ya lazima.

Akisema alinyimwa bila sababu, jibu linategemea njia ya sheria kama nilivyoeleza. Usimjibu kwa matusi kwenye kiapo. Kiapo husomwa na hakimu, na baadaye husomwa na wadogo zako.

Wakili mzuri ni yule anayewauliza kwanza kuhusu ndoa na mali kabla ya kutaja ada. Kama hamna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria; Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) ni miongoni mwa wanaosaidia. Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Omba nakala ya hukumu siku ileile inaposomwa.

Hatua ya 8: Baada ya kuteuliwa

Msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kutoa hesabu. Kwa Mahakama ya Mwanzo, kanuni za Tangazo la Serikali Na. 49 la mwaka 1971 zinamtaka alete orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi 4, na hesabu za ugawaji kwa Fomu Na. 6. Chini ya Sura ya 352 orodha ni ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Ukichelewa, omba muda kwa maandishi. Mke anayewapinga atakuwa anahesabu siku.

Kodi ya nyumba za kupangisha iingie kwenye akaunti moja, na kila mwezi karatasi ya mapato na matumizi itumwe kwa warithi wote pamoja na yeye. Kwanza mtoe sehemu yake ya mali ya ndoa, ndipo mgawe kilichobaki kwa wosia au kwa mafungu. Kila anayepokea asaini kwamba amepokea.

Mama mdogo alikubali vyumba viwili vya nyuma na njia ya kuingilia, akatuachia mengine yote. Fundi alijenga ukuta mfupi kuvitenganisha na uwanja wa mbele. Siku ya kusaini hesabu za mwisho alikuja na binti yake, mdogo wetu, akakaa kwenye benchi lile ambalo miaka miwili nyuma baba mkubwa alisema "Hapana". Karani akamwita kwa jina lake, akasaini chini ya neno "Mjane", na sisi tukasaini chini yake.